Blanketi Chini ya Tangi

Mume wangu walimwita Taratibu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kwenye cheti, lakini hata mimi mkewe nilikuwa nalikumbuka siku za kusaini tu. Alikuwa fundi wa magari ya zamani ya porini, yale ya mabati ya pembe nne, vioo vya kusukuma kwa kidole, na milango ambayo ukiifunga mtaa mzima unajua umefika. Na ndani ya kazi hiyo alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kufunga tangi la mafuta.

Mafundi wengine hufunga tangi kama wanafunga mzigo wa kuni. Chuma juu ya chuma, kaza, twende. Yeye ilimchukua siku nzima. Katika magari yale tangi hukaa chini ya kiti cha dereva, limelala kwenye fremu ndogo ya chuma na kushikwa na mikanda miwili ya bati. Gari likiingia shimoni tangi linaruka, na likiruka linasuguana na chuma mpaka litoboke. Kwa hiyo kila linapogusa chuma lazima uweke kitu cha kulituliza. Taratibu aliweka mpira wa tyubu ya lori, tabaka mbili, umeoshwa kwa sabuni, umekaushwa kivulini, umepakwa gundi. Alikuwa anaukata kwa wembe huku ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandika jina lake.

Halafu hakazi nati mpaka mwisho, na hapo ndipo wateja walipokuwa wanachoka naye. Anakaza kiasi, anajaza mafuta mpaka shingoni, anaacha gari likae siku tatu. Alikuwa anasema tangi tupu halijapata uzito wake, ukilikaza hivyo kesho mkanda umelegea. Acha lijae, lishuke, likae vizuri juu ya mpira, ndipo umalizie mzunguko mmoja na nusu.

"Fundi, siku tatu kwa nati nne? Unaliombea dua?"

"Naliacha lizoee kitanda."

"Mimi nina safari, bwana!"

"Basi nenda. Gari litakufuata."

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ya kwake na ya kwangu nilikuwa nayasema mimi. Tulionana mara ya kwanza alipoleta kiti cha gari nikishone, maana kazi yangu ni viti. Nikamshonea. Akakirudisha, eti kinambana. Nikarekebisha. Akakirudisha tena, eti sasa kinamzamisha. Mara ya tatu nikamwambia, "Kaka, hiki kiti hakina tatizo. Sema shida yako."

Akaangalia sakafu. "Natafuta fundi wa viti."

"Wa kuajiri au wa kuoa?"

"Akikubali," akasema, "vyote viwili."

Alipogeuka kutoka akajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na nundu ile alikuja nayo mpaka nyumbani kwetu kujitambulisha. Baba yangu akadhani amepigana.

Karakana yetu ilikuwa banda moja refu nyuma ya nyumba. Upande wa mlangoni cherehani yangu ya miguu, marobota ya sponji na vitambaa. Upande wa ndani shimo lake la kufanyia kazi chini ya magari. Nilishona na kuongea, yeye huko shimoni anajibu "mm". Mungu alitupa mtoto mmoja tu, wa kike, na tangu ana miaka mitatu alikuwa halali bila spana namba kumi na tatu chini ya mto. Ukimnyang'anya, hamlali nyumba nzima. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Spana, na mimi nikawa Mama Spana hadi leo.

Alipofika miaka kumi baba yake akanunua mabaki ya gari la zamani, limeota majani kwenye injini, mgongo umebonyea. Mtoto akaliita Kobe. Baba yake akamwambia, "Siku utakayoweza kumfungua Kobe na kumfunga wote peke yako, ni wako." Sikuamini ningeona mtu anameza ahadi namna ile. Kila akitoka shule, sare inavuliwa mlangoni, mtu yuko shimoni na baba yake. Wakawa wawili wa kujibu "mm".

Akiwa na miaka ishirini Spana alikuwa anafunga matangi. Wanaume walikuja wakakunja uso. "Huyu binti ndiye ataligusa gari langu?" Taratibu hakuinua hata kichwa. "Ukinitaka mimi njoo mwezi ujao. Yeye ana nafasi sasa hivi."

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Kulikuwa na mteja wetu mmoja, mpima ardhi, ana gari ndugu yake Kobe, muundo uleule. Wiki hiyo matangi ya magari yote mawili yalikuwa chini, yamepakwa rangi, yanasubiri kurudishwa. Taratibu akapata habari ya gia boksi inayouzwa mbali, akaondoka kwa siku nne. Akaacha maagizo mawili. Spana afunge matangi. Mimi niende kwa wauza matairi pale njia panda nikachukue tyubu ya lori.

Sikwenda. Sababu yenyewe ni hii: wiki moja kabla nilikuwa nimemtukana yule muuza matairi, kwa kuwa alirundika matairi yake getini kwangu. Nilimwambia mbele za watu kwamba sura yake nayo imeisha kashata, imebaki kipara kama hayo matairi yake, na watu walicheka sana. Ningemrudiaje kumwomba tyubu? Nikaona haya, na haya zenyewe nikaziita kazi nyingi.

Sisi wa viti tuna kitu tunachokiita blanketi. Ni kile kitambaa kizito cha kijivu, nyuzi zimeshindiliwa, unakitandika juu ya springi kabla ya sponji. Mimi ni mtu wa viti, kwangu kitu laini ni kitu kizuri. Nikachukua mabaki, nikakata vipande kumi na sita, vinane kwa kila gari, nikavipiga uzi mwekundu ukingoni visifumuke. Nikampa Spana.

Akavigeuzageuza mkononi. "Mama, mpira uko wapi?"

"Weka hivi. Ni vizuri zaidi."

"Baba anajua?"

"Anajua. Nimeongea naye kwa simu, kasema sawa."

Sikuwa nimeongea naye. Maneno yalinitoka tu, kama yanavyonitoka yote. Mtoto akanitazama, akasema "haya mama," akaingia shimoni. Angemwuliza nani tena kama hakuniamini mimi?

Blanketi linakunywa maji. Mpira ukilowa unajipangusa, blanketi linayashika na kuyakumbatia dhidi ya bati mchana na usiku mpaka bati linaoza kwa chini, mahali jicho halifiki. Hilo kila fundi wa matangi analijua. Mimi nimelijua msimu wa pili wa mvua, mpima ardhi alipoingia karakana kwa miguu, tangi begani.

Alikuwa ametembea siku mbili kutoka porini hadi barabarani. Midomo imepasuka, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Akalitupa tangi sakafuni, likalia kama debe. Mbele ya wateja sita.

"Fundi, hili ni tangi au chujio la chai?"

Taratibu akapiga magoti. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye matundu. Pale ambapo mpira ungeacha alama nyeusi kavu, kulikuwa na uji wa kijivu uliochanganyika na kutu. Uzi mwekundu ulikuwa umeoza wote, haukuonekana.

"Spana. Uliweka nini hapa?"

Binti yangu akanitazama. Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayekupisha mlangoni utangulie.

Mimi, ambaye ulimi wangu hauna breki, ninayeweza kumfunga mdomo kondakta na mwenye nyumba siku moja, nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio. Nikakanyaga. Cherehani ikalia trrrr, nikashona mshono usiokuwepo.

"Nimekosa, baba," Spana akasema.

"Nilikufundisha nini?" Hajawahi kupaza sauti mtu yule, hata siku jeki ilipomwangukia kidole. "Miaka kumi nilikufundisha nini? Mtu angekufa kule! Matambara! Umefunga tangi kwa matambara!"

Mmoja wa wateja akacheka puani. "Si tulisema sisi?"

"Toka, Spana. Usiguse tena gari la mtu humu ndani."

Baada ya wiki alipata kazi mbali, kwenye shamba kubwa, kutengeneza matrekta. Alifunga begi lake mwenyewe. Ile spana namba kumi na tatu akaiacha juu ya kiti changu cha kushonea. Siku hiyohiyo Taratibu akamfunika Kobe kwa turubai, akafunga kamba, na kwa miaka sita hakuna aliyemfunua.

Kila asubuhi ya miaka hiyo nilikuwa nasema leo nitamwambia. Nikichemsha maji ya chai nasema akimaliza kunywa. Akimaliza kunywa nasema aje kupumzika kwanza. Watu wanadhani siri ni kitu unachokificha. Mimi hii nilikuwa naibeba mkononi, nasubiri tu niulizwe, na hakuna aliyeniuliza. Spana alinipigia simu mara mojamoja. Nilimpa habari za majirani, nani kaolewa, nani kaachwa, na yeye anaitikia "ehe". Nikinyamaza, na yeye ananyamaza, simu inakaa kimya inakula pesa. Halafu anasema, "Haya mama, baki salama."

Mwaka huu Taratibu akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukakataa, mguu ukafuata, mdomo ukapinda upande. Kichwa kilibaki kizima, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Nilimweka karakana mchana kwenye kiti cha mikono, kwa sababu ndani alikuwa anaangalia ukuta tu. Siku moja akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea turubai.

"Mfunue."

Nikamfunua. Vumbi, buibui, matairi yamekaa chini.

"Nataka tumfunge tangi upya," akasema. Maneno yalikuwa yanamtoka yameloa. "Mpira. Nani ajuaye yule mtoto alimwekea nini huyu naye. Wewe utakuwa mikono yangu."

"Mimi? Nina miaka hamsini na mitatu, baba Spana, niingie shimoni?"

"Ingia na mdomo wako. Utakusaidia kuona njia."

Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka hivyo.

Nilijua kilichokuwa kule juu ya fremu. Nilikwenda kwa muuza matairi, ambaye sasa ni mzee, nikamwomba tyubu ya lori na samahani kwa pamoja. Akasema tusi lile alishalisahau siku ileile. Nikarudi njia nzima nikiwa nimekumbatia mpira.

Asubuhi iliyofuata nikavaa suruali ya mume wangu, nikashuka. Taratibu amekaa ukingoni ananiongoza. Weka jeki. Weka ubao juu ya jeki. Legeza nati ya mbele, ya nyuma, taratibu mwanamke, usiiharakishe. Tangi likashuka juu ya ubao, na juu ya fremu vikabaki vipande vinane vya blanketi. Kobe alikuwa amekaa pakavu miaka yote hiyo. Havikuoza. Uzi mwekundu ulikuwa unang'aa kama niliushona jana.

Nikavibandua kimoja kimoja. Nikavitia kifuani ndani ya blauzi.

"Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu. Kimeoza."

Nikamsikia anapumua. Halafu akasema, polepole, kila neno analivuta:

"Nilikuwa mkali kupita kiasi. Alikuwa mtoto. Nani hakosei? Mpigie simu, mama Spana. Mwambie baba yako amekusamehe."

Nilikuwa chini ya gari, uso umejaa kutu, blanketi linaniwasha kifuani. Ningeweza kupiga simu hiyo. Ningempa binti yangu msamaha wa kosa langu, na angeupokea, namjua. Angesema "ahsante baba" na mambo yangekuwa yamekwisha.

Nikapanda ngazi ya shimo. Nikatoa vipande, nikamwekea mapajani.

Akachukua kimoja kwa mkono wa kushoto. Akapitisha kidole gumba ukingoni, juu ya mshono, mpaka mwisho, akarudi tena.

"Uzi wako."

"Wangu."

"Alikuuliza?"

"Aliuliza kama unajua. Nikamwambia unajua."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nayo. Hakunitukana. Alianza kulia kwa jicho moja, lile la upande mzima, na hakuweza kulifuta kwa kuwa mkono ulikuwa umeshika blanketi. Niliponyoosha kanga yangu nimfute, akageuza uso.

"Simu," akasema.

Nikampigia, nikaiweka sikioni kwake. Simu yetu ile ni ya kupiga kelele, majirani wote husikia.

"Spana."

"Baba?" Miaka sita. "Baba, ni wewe?"

"Njoo uchukue gari lako."

Kisha binti yangu akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama amesema?"

"Amesema. Leo."

Hapo ndipo nikaelewa ule ukimya wote wa kwenye simu. Hakuwa akisubiri baba yake amsamehe. Alikuwa akinisubiri mimi.

"Nitafika Jumamosi," akasema, na tukamsikia analia, na simu ikakata.

Ilikuwa Jumatatu. Taratibu hakunisemesha isipokuwa ya kazi. Osha mpira. Kausha kivulini. Kata upana wa vidole vitatu. Hapana, huo umepinda, kata mwingine. Nilikata mpaka vidole vikatoka malengelenge, na ulimi, nikajikuta, umenitoka pembeni ya mdomo. Jumatano tukapandisha tangi kwa jeki, likakaa juu ya mpira, mikanda ikapita juu, nati zikakazwa kiasi. Nikajaza mafuta kwa debe na faneli mpaka shingoni.

"Sasa liache," akasema. "Jumamosi atamalizia mwenyewe. Mzunguko mmoja na nusu."

"Nimekuelewa."

"Mama Spana."

"Abee."

Akanigeukia. Mdomo ulikuwa unatafuta neno, na sijui lilikuwa neno gani. Mwisho akasema, "Nisogeze kwenye jua." Nikamsogeza.

Alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri, kwenye kiti chake, amegeukia Kobe. Nilikuwa nyuma yake nashona kiti kipya cha Kobe, naongea, na nilipokosa ile "mm" yake ndipo nikageuka.

Nilimpigia siku ileile, lakini shamba liko mbali, na Spana alifika Jumamosi, baba yake ameshazikwa jana yake. Alisimama mlangoni mwa karakana, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, mikono imekomaa. Mimi nikamkimbilia. Akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akanikumbatia, ndiyo, kama unavyomkumbatia mfiwa. Kisha akaangalia ukutani, akaichukua spana namba kumi na tatu niliyoitundika msumarini miaka ile sita, akaingia shimoni na nguo zake za msibani. Nilisikia nati zinalia. Moja na nusu. Moja na nusu. Mara nne. Halafu nati zikaacha kulia, na nikajua anapitisha kidole kwenye mpira.

"Nani alikata huu?"

"Mimi. Baba yako alikuwa anasema, mimi nakata."

"Umenyooka."

Alipotoka alikuwa na kutu kwenye nyusi. Akapangusa spana kwenye sketi yake, akaniuliza bila ukali, kama anauliza njia.

"Mama, kwa nini hukusema?"

Kwa miaka hamsini na mitatu sijawahi kukosa la kujibu. Nikafungua mdomo. Nikamweleza habari ya muuza matairi na sura yake na geti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza nikaona kwamba sikuwa nimejibu, na yeye aliona pia.

"Haya mama," akasema.

Akajaza matairi upepo, akaazima betri, na Kobe akawaka mara ya tatu. Nilikuwa nimekiweka kile kiti kipya mahali pake juu ya tangi, kitambaa kizito cha kijani, sponji ngumu ya safari ndefu, ukingo nimeupiga uzi mwekundu. Ndio uzi nilionao. Spana alifungua mlango, akakitazama. Akakinyanyua kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaniletea.

"Hiki kaa nacho, mama. Nitashona kingine hukohuko."

Akakunja koti la kazi la baba yake, akaliweka juu ya bati, akalikalia. Alipunguza mwendo kwenye tuta la kona, kama alivyofundishwa, na tangi halikutoa sauti yoyote.

Ananipigia simu kila Jumapili. Ananiuliza kama nimekula. Kiti kiko hapa kando ya cherehani, wateja wananiuliza bei, nawaambia kina mwenyewe.